Kocha Aliyeogopa Geti

Mara ya kwanza kumwona kocha wetu akiparamia uzio nilidhani amebanwa na haja ndogo.

Tulikuwa tumekwenda Bowie, kule Maryland, Marekani, kucheza mechi ya Jumapili. Uwanja ulikuwa wa shule, umezungushiwa uzio wa waya, na geti lilikuwa wazi kabisa, pana la kupitisha lori. Sisi tukaingia na mabegi yetu huku tunapiga soga. Yeye akabaki kwenye maegesho, akazunguka peke yake upande wa vichaka. Tulipogeuka tukamwona, mzee wa Kijerumani, mrefu, mvi tupu, yuko juu ya uzio, mguu mmoja huku na mwingine kule, suruali imenasa.

Nahodha wetu aliweka begi chini akamtazama kwa utulivu. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, beki wa kati, dereva wa teksi pale Washington, na si mtu wa kushangaa haraka.

"Mimi nilikuwa nadhani Kiswahili amejifunzia kwa wamisionari," akasema. "Sasa nimeamini. Huyu kakaa kwetu kweli, tena kakaa na watu wa mpira."

Mshambuliaji wetu, Mkongo mmoja aliyekuwa mrefu kuliko sote na aliyemwita kila mkubwa patron, yaani bosi, akaitikia kwa kichwa. "Hata kwetu iko hivyo, patron. Geti ya mbele ni ya wageni."

Kwa asiyejua, nieleze. Kule nyumbani timu kubwa huwa na kocha, ina daktari, halafu ina watu wengine ambao huitwa kamati ya ufundi. Ufundi wenyewe si wa kupiga pasi. Hao ndio wanaojua wapinzani wamemwaga nini mlangoni na wamefukia nini golini, na siku ya mechi kubwa ndio wanaoamua timu iingilie wapi. Ndiyo maana utaona wachezaji wazima, wenye majina, wanaacha geti na kuruka ukuta wa nyuma, na mashabiki wanaushangilia huo ukuta kama goli. Tumekua na mambo hayo. Tunayacheka, halafu siku ikifika tunaruka.

Lakini Mjerumani, tena Maryland, kwenye mechi ambayo watazamaji wake ni mbwa wawili na mwenye mbwa, hilo lilinipa shida.

Mimi nilikuwa golikipa. Siku za kazi niliosha sinia katika jiko la hospitali moja kule Gaithersburg, na nilikaa kwa mama mdogo, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Shule niliiacha kidato cha pili, Morogoro, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kujivunia mbele ya Watanzania wa ubalozini na wale wa vyuoni. Nilikuwa na mikono. Kule jikoni wenzangu walinirushia vikombe vya plastiki kutoka upande wa pili wa sinki nami nikavidaka nikiwa nimeruka, wao wakinitangaza kwa Kihispania kama watangazaji wa redio. Nilikuwa naamini, naamini kabisa, kwamba ipo siku mtu fulani atasimama pembeni ya uwanja aseme, yule kijana ni nani?

Kocha alitukuta yeye mwenyewe. Alikuwa akipita kwenye bustani ya Gaithersburg tunapofanyia mazoezi, akasikia tunatukanana kwa Kiswahili, akaja mpaka kwenye mstari wa chaki akasema, "Habari za asubuhi, ndugu." Ndugu. Neno hilo sisi tulilisikia kwa baba zetu, enzi za foleni za sukari. Hakuna vijana waliokuwa wakiitana hivyo tena. Tangu siku hiyo alikuwa wetu, na sisi sote tulikuwa ndugu: ndugu nahodha, ndugu mshambuliaji, ndugu golikipa. Bustani ile haikuwa na uzio, ndiyo maana tulikaa naye kiangazi chote bila kujua.

Siku ile ya Bowie alinirudisha kwa gari lake, kama kawaida, maana tulikaa upande mmoja. Nilivumilia mpaka tulipoingia barabara kuu inayozunguka jiji.

"Kocha, samahani mzee wangu. Ile ya uzio."

"Umeona."

"Tumeona wote."

Akapisha lori moja. Halafu akanisimulia maisha yake kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, macho hayatoki barabarani.

Alizaliwa kwenye mji wa machimbo ya makaa ya mawe, baba yake alishuka shimoni kila siku mpaka mapafu yakakataa. Yeye akawa golikipa. Alicheza daraja la kwanza kule kwao, si nyota, lakini jina lake lilikuwa likisomwa redioni Jumamosi. Bega likatoka, likarudishwa, likatoka tena, basi. Akaenda chuo cha makocha. Akiwa bado kijana wakampeleka Tanzania kwa mambo ya ushirikiano wa nchi na nchi, akapewa klabu kubwa. Alisema ile ndiyo miaka aliyokuwa na furaha zaidi. Alikula ugali, alipigiwa makofi sokoni, na alikuwa na golikipa mmoja kijana sana, aliyemfundisha mwenyewe toka hajui kusimama.

"Mechi ya watani," akasema. "Wazee wa kamati wakaja. Wakasema, ndugu kocha, leo getini kubaya, tunaruka ukuta. Mimi nikacheka. Nikasema, mimi mtu wa sayansi. Nikawapanga wachezaji mstari mmoja, tukapita getini. Golikipa mbele."

Nilikuwa nishaanza kuogopa kabla hajafika alikokuwa anafika.

"Kipindi cha pili. Kona. Akaruka, akasukumwa, kichwa kikaenda kwenye nguzo. Hakusimama. Hakusimama tena kabisa, ndugu. Yuko hai, nadhani bado yuko hai. Kaka yake anamwogesha."

Baada ya hapo mashabiki walimfukuza. Akafundisha Uarabuni, akafundisha visiwani, kila timu ndogo kuliko ile ya nyuma yake, akaoa Mmarekani, akaja huku, ndoa ikaisha. Sasa aliuza viatu vya michezo dukani na majira ya joto alifundisha watoto ambao wazazi wao walimpigia kelele.

"Kwa hiyo unaamini," nikasema.

"Siamini. Siamini hata kidogo. Ilikuwa kona tu, na kusukumwa." Akawasha taa ya kugeukia. "Siamini, lakini siwezi. Leo ulipita getini kabla sijakuita. Mechi nzima sikuona mpira. Nilikuona wewe tu na zile nguzo."

Nilishuka kwenye gari nikiwa mtu mwingine. Mimi ni mtoto wa kanisa, mama yangu ni wa kukesha kwenye maombi, na nilifundishwa kwamba mambo hayo hayana nguvu. Lakini Jumapili iliyofuata nilipoweka mgongo golini nilizisikia nguzo. Sijui niseme vipi. Zamani zilikuwa chuma kilichopakwa rangi nyeupe. Sasa zilikuwa kama watu wawili waliosimama nyuma yangu, hawasemi. Krosi ikija, jicho moja kwenye mpira, jingine linatafuta nguzo iko wapi. Golikipa mwenye macho ya namna hiyo huchelewa, na akichelewa huumia. Nilijua hilo, na ndilo lililoniogopesha zaidi.

Vuli ile ndipo kazi ilipojitokeza. Chuo kikuu kimoja upande wa Fairfax kilikuwa kinatafuta kocha msaidizi. Mkuu wao wa michezo alisikia habari za mzee, akampigia: lete timu yako ya Jumapili icheze na vijana wangu, nikuone unavyofanya kazi. Kocha alituambia akiwa amevua kofia. Angekuwa na ofisi, bima ya afya, uwanja wenye nyasi zilizokatwa. Asingeuza viatu tena.

"Hii ndiyo ya mwisho," akatuambia. "Kwa umri wangu hawaulizi mara mbili."

Tulimpenda mno, tukaanza kuogopa kwa niaba yake. Nahodha alikwenda kule na teksi yake kuchungulia, akarudi amekunja uso. Uwanja mzima una uzio, mrefu kuliko mtu, na geti ni moja. Na huyo mkuu atakuwa amesimama hapo getini kumpokea.

"Mzee ataparamia mbele ya mwajiri wake," nahodha akasema. "Watamwitia gari la wagonjwa wa akili."

"Yeye apite getini," Mkongo akasema. "Yeye hadaki. Huyu ndiye azunguke."

Wote wakanitazama mimi. Na kocha, ambaye tulidhani hasikii, alisema pale alipokuwa amekaa akifunga mipira kwenye neti, "Hata mimi nimefikiri hivyo. Ndugu golikipa azunguke."

Basi tukakubaliana, watu wazima, tena wengine wana digrii.

Siku yenyewe ilikuwa na baridi kavu, majani mekundu yamejaa kwenye maegesho. Wenzangu wakaelekea getini na kocha, amevaa koti aliloliazima. Mimi nikachepuka. Nyuma ya uwanja kulikuwa na miti na jengo la kuhifadhia mashine za kukatia nyasi. Nilirusha begi kwanza, likaangukia ndani. Nikashika waya. Wakati nimefika juu, tumbo liko kwenye bomba la uzio, nikasikia mlango wa gari.

"Shuka," mtu akasema kwa Kiingereza. "Taratibu. Nionyeshe mikono."

Alikuwa mlinzi wa chuo, mwenye bastola kiunoni na redio begani. Hebu fikiria nilivyoonekana: kijana mweusi, kofia ya sufu, Jumapili, juu ya uzio wa mali ya watu. Isitoshe, viza yangu ilikuwa imeisha zamani. Nilishuka. Akaniweka mikono kwenye waya. Akauliza nafanya nini. Nilijua maneno yote ya Kiingereza ya jikoni, sinia, mvuke, sabuni, na hakuna hata moja lililonifaa.

"Mimi golikipa," nikasema.

"Geti liko wazi."

"Ndiyo, bwana."

"Umeona kwamba liko wazi?"

"Ndiyo, bwana."

Akaita kwenye redio. Nilisikia neno polisi, nikaanza kumwomba Mungu, na katikati ya sala nikagundua kwamba ninachoomba si kuhusu polisi. Naomba wasinipitishe getini. Hapo ndipo nilipojiogopa mwenyewe.

Walikuja kwa ndani ya uzio, kocha akikimbia kwa bega lile bovu lililoshuka upande mmoja, na mkuu wa michezo nyuma yake, bwana mfupi mwenye kikombe cha kahawa.

"Ni wako?" mkuu akamwuliza.

"Wangu."

"Kwa nini anaruka uzio?"

Nahodha alikuwa amefika naye akaanza kutunga, sijui nimesahau glovu, sijui nimepotea njia. Kocha akamnyamazisha kwa mkono. "Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Kuna golikipa wangu aliumia zamani. Tangu hapo naogopa. Si jambo la akili."

Mkuu alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. Haukuja. Akamwambia mlinzi aache polisi, na mlinzi akakubali kwa sharti moja: mimi nizunguke nikaingie kwa geti, kama binadamu wengine.

Kocha akatoka nje kunifuata. Tulipofika getini alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu mpaka nikaumia, na tukavuka pamoja. Alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima.  

Nilicheza kipindi cha kwanza kwa woga mtupu, na nitasema jambo la ajabu: sijawahi kudaka vile. Wale vijana wa chuo walikuwa na kasi, wanapiga mashuti ya chini, na mwili wangu ulikuwa unaruka kabla sijauambia. Kila kona nilihisi chuma kiko karibu na sikio. Mara moja niligonga nguzo kwa bega, nikasikia mlio wake, nikalala chini nikiangalia mbingu nikijiuliza kama naweza kuinuka. Nikainuka. Kocha hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama nyuma ya goli langu, vidole vimepenya kwenye nyavu. Timu ilikuwa inajiongoza yenyewe. Mkongo alikuwa akipiga kelele apewe maelekezo na hakuna aliyempa.

Mapumziko, bila kwa bila. Mkuu wa michezo akaja na kikombe kipya, mchangamfu. "Huyo kipa wako ni nani?" akasema. "Nani alimfundisha?" Nilielewa kila neno. Ndilo swali nililoliota jikoni miezi yote ile, na lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha mtu halisi, kuhusu mimi.

"Mimi," kocha akasema. Mkuu akampiga begani akaenda zake.

Kocha akageuka kwetu. "Ndugu mshambuliaji, vaa glovu. Utadaka kipindi cha pili."

Mkongo akajitazama kifuani, kama vile kuna mwingine nyuma yake. "Mimi, patron? Mimi sijadaka hata kuku."

"Mzee," nahodha akasema pole pole, "tusielewane vibaya. Huyu mtoto ndiye anayetubeba. Ukimtoa watatufunga mpaka wachoke. Na kazi yako imesimama pale na kahawa."

"Najua iko wapi."

"Kocha, mimi sijaumia," nikasema. "Niko mzima. Niache nimalize. Kipindi kimoja tu."

Aliniinamia. Macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu ambaye hajalala. "Yule pia alikuwa mzima mpaka kipindi cha pili," akasema. "Vua, mwanangu."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilivua. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka, na chini ya hasira, nisiseme uongo, kuna kitu kilikaa chini na kushukuru.

Walitufunga. Goli la kwanza lilipita katikati ya miguu ya Mkongo, la pili aliliingiza mwenyewe kwa kisigino. Na kocha, sasa ndiyo tukamwona. Alikuwa huku na kule pembeni ya chaki, anahamisha mabeki, anamwita nahodha, anachora hewani kwa mikono yote miwili. Tulicheza mpira ambao hatujawahi kuucheza, tukapata goli moja safi, pasi mfululizo toka nyuma. Kama angefanya hivyo toka mwanzo nami nikiwa golini, nadhani tungewashinda wale watoto. Lakini hivyo viwili asingeviweza kwa pamoja.

Mwisho wa mechi mkuu alimpa mkono. Hakumzungusha. "Unaujua mpira kuliko watu wengi niliowaona," akasema. "Lakini siwezi kuwakabidhi vijana wangu kwa mtu anayemtoa aliye bora kwa sababu anamwogopea. Nao wataumia, kila mwaka mmoja wao ataumia. Utafanyaje?"

"Sijui," kocha akajibu.

"Basi pole, bwana."

 Nahodha aliingia kwenye teksi na wenzake akaondoka bila kupunga. Mimi nikabaki na kocha, kwa sababu tulikaa upande mmoja. Njia nzima nilitaka kumwambia kitu kikali na nikawa nakitafuta, na kila nikikipata namwona kijana ninayemfahamu kwa simulizi tu, kaka yake anamimina maji. Alikuwa anaendesha taratibu sana, malori yanatupita yakipiga honi. Tulipofika chini ya fleti zetu nikachukua begi.

"Asante, mzee."

"Asante, ndugu."

Nikapanda ngazi za nje. Mama mdogo alikuwa dirishani, ameshika mwiko, kwa sababu alikuwa amesikia gari na halikuwa limeondoka.

"Mlishinda?"

"Tulifungwa."

"Na kazi yake?"

"Wamemnyima."

Akachungulia tena. "Mbona hajaondoka? Anangoja nini pale, maskini?"

"Anangoja nifike juu."

Mama mdogo alinitazama, akaangalia chini kwenye lile gari, akaurudisha mwiko kwenye sufuria. "Mwambie apande. Wali upo, na maharage yapo. Mtu hawezi kwenda kukaa peke yake na habari kama hiyo."

Nilitupa begi mlangoni nikashuka mbio, nikiruka ngazi mbili mbili, na kupitia kioo cha mbele nikamwona kocha akiniona ninavyoruka, akafumba macho.